Kutoka Guarulhos hadi Avenida Paulista, na kuzunguka São Paulo bila gari

Swali: Mimi na mama tunatoka Mombasa kwenda São Paulo kwa siku sita. Ndege itatua Guarulhos Alhamisi saa kumi jioni, na hoteli iko karibu na Avenida Paulista. Mama ana miaka 67. Anatembea vizuri lakini ngazi humchosha. Kireno hatukijui. Kutoka uwanjani tupande treni au teksi? Na tukishafika, tukodishe gari au metro inatosha? Kila mtu ananiambia lake.

Jibu: Gari msikodishe. Naanza na hilo kwa sababu ndilo kosa la gharama kubwa kuliko yote, na linaonekana la busara hadi siku ya pili. Tangu 1997 São Paulo ina utaratibu unaoitwa rodízio: siku za kazi, gari haliruhusiwi kuingia eneo kubwa la katikati ya jiji kuanzia saa 1 hadi saa 4 asubuhi, na kuanzia saa 11 jioni hadi saa 2 usiku, kutegemea tarakimu ya mwisho ya namba yake. Jumatatu ni zamu ya 1 na 2, Jumanne 3 na 4, Jumatano 5 na 6, Alhamisi 7 na 8, Ijumaa 9 na 0. Kamera ndizo zinazokamata. Faini huenda kwa mwenye gari, naye huikata kwenye kadi yako wakati umesharudi nyumbani. Ongeza maegesho, na foleni ambayo hata wenyeji huikimbia. Metro itawafikisha sehemu nyingi za kawaida, na pale isipofika mtaita gari kwa programu ya simu.

Kabla ya usafiri, mambo mawili ya nyumbani. Kuhusu viza, wasilianeni na ubalozi wa Brazil ulioko Nairobi mapema, tena kabla hamjalipia tiketi isiyorudishwa. Kuhusu homa ya manjano, Brazil ni miongoni mwa nchi zenye ugonjwa huo, kwa hiyo mnaporudi Kenya mtaulizwa kadi ya njano. Chanjo huhesabiwa kuanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya kuchomwa, na kadi sasa ni ya maisha. Lakini kama mama hajawahi kuchanjwa, asiende kuchomwa tu kama anayekata tiketi. Kwa aliyepita miaka 60, dozi ya kwanza ina hatari kubwa kidogo ya madhara makali kuliko kwa kijana, hivyo daktari amwone kwanza na kupima faida na hasara.

Sasa saa. São Paulo iko nyuma ya Mombasa kwa saa 6 mwaka mzima, maana Brazil iliacha kusogeza saa mwaka 2019. Tofauti hiyo ya saa 6 ndiyo ileile iliyopo kati ya saa ya Kiswahili na saa ya Kizungu. Mombasa wakisema saa tatu, saa ya ukutani ya São Paulo nayo inaonesha tatu muda huohuo. Mkitaka kumpigia mtu wa nyumbani, itazameni saa ya hapo na muisome kama ilivyo, mtajua kwao ni saa ngapi. Ratiba zao huandikwa kwa mtindo wa saa 24: 16:00 ni saa kumi jioni yao. Saa zote nitakazotaja humu ni za Kiswahili, kwa muda wa São Paulo.

Jiji lina viwanja vitatu ambavyo tovuti za tiketi huvichanganya. Guarulhos, alama yake GRU, kiko kaskazini mashariki, kiasi cha kilomita 25 kutoka katikati. Congonhas, CGH, kiko ndani ya jiji na ni cha safari za ndani ya nchi. Viracopos, VCP, kiko Campinas, karibu kilomita 100, ingawa wauzaji huandika "São Paulo". Mkiunganisha safari ya Rio au Salvador, hakikisheni mnaondoka uwanja mnaoudhani. Kutoka GRU hadi Congonhas jioni ya siku ya kazi kunaweza kula saa mbili.

Ndege nyingi za mabara mengine hutua jengo la tatu la Guarulhos. Mkitua saa kumi, hesabuni kwamba uhamiaji, mizigo na forodha vitawatoa nje karibu na saa kumi na moja na nusu, Alhamisi, wakati mbaya kabisa wa barabara. Mkitoka kwenye milango ya forodha mtakuta watu wanaouliza kwa sauti ya upole kama mnataka teksi. Piteni, teksi halali haimfuati abiria.

Mna njia tatu.

Ya kwanza ni teksi ya kulipia kabla. Ushirika wa Guarucoop una dawati ndani ya jengo. Unataja mtaa unaokwenda, unalipa bei iliyopangwa kulingana na eneo, unapewa karatasi na kuoneshwa gari. Ni ghali kuliko programu, lakini foleni ikiwa ya saa mbili bei haipandi, wala hakuna haja ya intaneti wala Kireno.

Ya pili ni Uber au 99, programu ya Kibrazili inayotumika sana hapo. Wakati wa msongamano bei hupanda, na magari huchukua abiria sehemu maalumu tu, kwa hiyo someni programu imetaja mlango gani. Linganisheni namba ya gari na iliyo kwenye simu kabla ya kufungua mlango. Dereva akiomba mghairi safari mlipane pembeni, teremkeni.

Ya tatu ni treni. Laini ya 13, Jade, ilifunguliwa Machi 2018, na kero yake inajulikana: kituo chake hakiko ndani ya majengo ya abiria. Kiko ng'ambo ya barabara kuu, karibu na jengo la kwanza. Kutoka jengo la pili na la tatu kuna usafiri wa bure wa kukufikisha, fuateni vibao vya "Trem" (treni) au "CPTM" (kampuni ya treni za jimbo). Hapo mna chaguo mbili. Kuna treni ya haraka, Expresso Aeroporto, inayofika kituo cha Luz katikati ya jiji, lakini haiji mara kwa mara, basi tazameni ubao wa kituoni. Ikiwa karibu kuondoka, isubirini. Luz mnaingia Laini ya 4, ya njano, na kituo cha tatu ni Paulista: República, Higienópolis-Mackenzie, Paulista. Ikiwa bado sana, pandeni treni ya kawaida hadi Engenheiro Goulart, mbadili kwenda Laini ya 12 upande wa Brás, kisha Brás mwingie Laini ya 3, nyekundu, hadi República, na hapo Laini ya 4. Mabadiliko yafanyeni Brás, si Tatuapé, japo ramani itawavuta Tatuapé kwa sababu ndipo karibu. Brás kuhamia metro ni bure wakati wote, Tatuapé imekuwa na masharti ya saa. Kwa njia yoyote tengeni saa moja na nusu.

Upo pia upande wa umati, ambao wengi hawaufikirii. Wafanyakazi wengi wa São Paulo hulala mashariki na kufanya kazi katikati na kusini magharibi. Asubuhi treni za kuelekea katikati hujaa, jioni zinazojaa ni zile za kutoka. Nyinyi saa kumi na moja na nusu mtakuwa mnakwenda kinyume cha umati hadi Brás, na hapo mtapata nafasi. Taabu itaanza Laini ya 4, ambayo jioni inabeba watu kuelekea Pinheiros na Butantã. Mtu mmoja mwenye begi la mgongoni, namwambia apande treni bila kusita. Nyinyi wawili, na mama ametoka kwenye ndege ya masafa marefu, na masanduku ya siku sita: kaeni uwanjani mle, mtoe pesa, mweke laini ya simu sawa, muondoke saa moja na nusu usiku kwa programu, barabara ikianza kulegea. Kama mama amechoka na hataki kusubiri, chukueni teksi ya dawati, mlale garini.

Laini ya simu ni bora mnunue ya kidijitali (eSIM) kabla ya kuondoka nyumbani. Sababu ni namba inayoitwa CPF, namba ya mlipa kodi ya Mbrazili. Huulizwa kila mahali: kusajili laini, kununua tiketi ya basi la mkoa mtandaoni, hata dukani wakati wa kulipa. Mgeni hana, na fomu nyingi hukwama hapo. Dukani jibu ni "não" na unaendelea, lakini kwenye mtandao mara nyingi hakuna kitufe cha kuruka. Hali ni hiyo pia kwa Pix, mfumo wa kulipana kwa simu ulioanza Novemba 2020 ambao umezoeleka kama M-Pesa ilivyo kwetu. Unahitaji akaunti ya benki ya huko. Kadi ya benki inapokewa karibu kote, utaulizwa "débito ou crédito?", na kwa kadi nyingi za nje jibu ni "crédito". Wekeni pia noti za reali 5, 10 na 20.

Sasa metro yenyewe. Ilianza Septemba 1974. Ni safi, na mwenye kusoma majina anaiweza. Laini zina namba na rangi, na upande hutajwa kwa kituo cha mwisho. Kibao hakisemi kaskazini wala kusini, kinasema "sentido Tucuruvi" au "sentido Jabaquara". Basi kabla ya kushuka ngazi jueni jina la mwisho wa laini upande mnaokwenda. Maneno matatu yatawatosha: saída ni kutoka, embarque ni kupanda, baldeação ni kubadili treni. Mengine mtayatambua mkiyasikia, maana Wareno walituachia mesa, lenço na bandeira, nasi tukavifanya meza, leso na bendera.

Mtego mmoja huwapata hata wageni makini. Kituo kinachoitwa Consolação kiko Avenida Paulista, na kituo kinachoitwa Paulista kiko mtaa wa Consolação. Sikutanii. Viwili hivyo vimeunganishwa kwa njia ndefu ya chini, ambayo jioni hujaa watu wanaosogea hatua kwa hatua. Kama hoteli yenu iko upande wa makumbusho ya MASP, kituo chenu ni Trianon-Masp, Laini ya 2 ya kijani. Mkitoka Luz na Laini ya 4 mtalazimika kupita njia hiyo, kisha mpande kituo kimoja. Ikiwa ni saa ya msongamano, shukeni Paulista, mtoke juu, mtembee au mwite gari.

Treni za metro huanza saa 10:40 alfajiri hadi saa 6 usiku, na Jumamosi usiku huendelea hadi saa 7. Epukeni saa 1 hadi saa 3 asubuhi na saa 11 jioni hadi saa 1 usiku, hasa kituo cha Sé ambako Laini ya 1 na ya 3 hukutana. Kwa ajili ya mama, kila kituo cha metro kina lifti, tafuteni neno "elevador". Sheria ya huko huwapa kipaumbele wenye miaka 60 na zaidi: foleni yao, dirisha lao, na viti vya rangi tofauti ambavyo kijana husimama bila kuambiwa. Zaidi ya hapo, katiba ya Brazil inawapa waliotimiza miaka 65 usafiri wa mjini bure. Mama aoneshe pasipoti kwa mfanyakazi wa geti. Akifunguliwa, vema. Asipofunguliwa, lipeni nauli bila kubishana.

Nauli mwaka 2025 ilikuwa reali 5.20 kwa metro na treni za CPTM, na reali 5.00 kwa basi la jiji. Hupandishwa aghalabu Januari, kwa hiyo tazameni bei iliyobandikwa dirishani. Nauli hiyo ni ya kuingia, haijali umbali. Ukishapita geti unaweza kubadili laini hata tatu bila kulipa tena, mradi hujatoka nje. Kwa siku sita msihangaike na kadi ya kusajiliwa. Nunueni tiketi za alama ya QR kwenye mashine au dirishani, kila mtu na yake, kadhaa kwa pamoja ili msipange foleni kila safari. Geti nyingine husoma kadi ya benki ya kugusa. Mnapogusa, kila mtu atumie kadi yake.

Kadi inayofaa mwenye kupanda mabasi mengi ni Bilhete Único, iliyoanza 2004: nauli moja hukuwezesha kupanda mabasi hadi manne ndani ya saa tatu, na kuunganisha basi na metro kwa bei ndogo kuliko kulipa kila kimoja. Ukilipa basi kwa kadi ya benki punguzo hilo hulipati, kila basi ni nauli mpya, wala tiketi ya QR ya metro haifanyi kazi kwenye basi la jiji. Hapo ndipo wageni wengi hulipa mara mbili bila kujua.

Basi lisimamisheni kwa kunyoosha mkono, la sivyo litapita. Mnapanda mlango wa mbele, mnalipa kwenye geti la kuzunguka liitwalo catraca, mnashuka milango ya nyuma. Geti hilo ni jembamba na sanduku kubwa halipiti, ndiyo maana basi halifai siku ya kuwasili. Kitufe cha kushukia kibonyezwe mapema. Wakati metro imelala, yapo mabasi ya usiku yenye namba zinazoanza na N, ila kwa nyinyi baada ya saa nne usiku ni gari la programu tu, mlango kwa mlango.

Jumapili ni siku yenu. Tangu 17 Desemba 2023 mabasi ya jiji ni bure Jumapili nzima (metro bado inalipiwa), na siku hiyo Avenida Paulista hufungwa kwa magari kuanzia asubuhi hadi alasiri, watu wakijaa kwa miguu, baiskeli na ngoma. Mama atapenda, ni tambarare na mabenchi yapo. MASP hufungwa Jumatatu na ni bure Jumanne, kwa hiyo foleni ya Jumanne ni ndefu.

Kwa mahali pengine: soko kuu na mtaa wa 25 de Março, shukeni São Bento, Laini ya 1, asubuhi ya siku ya kazi. Mtaa wa Wajapani, shukeni Japão-Liberdade. Bustani ya Ibirapuera haina kituo mlangoni. AACD-Servidor ya Laini ya 5 ndicho cha karibu, na bado kuna mwendo wa maana kwa miguu, kwa hiyo mama aende kwa gari. Andikeni lango, si jina la bustani tu: kwa Museu Afro Brasil, ambayo msiikose, ni "Portão 10". Msikiti wa kale wa jiji, Mesquita Brasil, uko Avenida do Estado, mtaa wa Cambuci, nao pia ni wa gari. Migahawa ya Walebanoni na Wasyria iko tele Brás, na maeneo ya República na Brás mtakutana na Waangola, Wanigeria na Wakongo. Msishangae mkisikia salamu ya Kiswahili cha Goma. Mwangalie tu feijoada, maharage meusi yanayouzwa hasa Jumatano na Jumamosi: ndani yake mna nyama ya nguruwe.

Teksi za mtaani ni nyeupe na zina mita. Hapo lile neno bendera litawafaa: mita huandika "bandeira 1" mchana wa siku za kazi na Jumamosi, "bandeira 2" kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na Jumapili na sikukuu siku nzima, ikiwa na ongezeko la asilimia 30. Mkiona 2 adhuhuri ya Jumanne ya kawaida, ulizeni.

Anwani zina siri nzuri. Namba ya nyumba ni takriban idadi ya mita kutoka mtaa unapoanzia, na mwanzo wa mtaa ni ule upande wa karibu na Praça da Sé, uwanja wa wazi ulio kitovu cha jiji. MASP ni Avenida Paulista 1578, maana yake kilomita moja na nusu na ushei kutoka mwanzo wa barabara. Kwa hiyo "mtaa uleule" hauna maana ya karibu: namba 200 na 2000 zina mwendo wa karibu nusu saa kati yake. Majina ya mitaa pia hujirudia katika vitongoji, basi mkiandika kwenye programu ongezeni CEP, tarakimu nane za posta.

Wizi unaowapata wageni mara nyingi ni wa simu, na hutendeka kwa sekunde. Mtu wa baiskeli au pikipiki hupita karibu na ukingo wa njia akaikwapua mkononi. Kwa hiyo simu haitolewi ukingoni mwa barabara: ingieni dukani au simameni mgongo ukutani, someni ramani, muirudishe mfukoni, ndipo mtembee. Garini isiwekwe kwenye kishikizo karibu na dirisha lililo wazi. Maeneo ya Luz na Sé yapiteni mchana, na giza likiingia msitoke nje ya vituo vyake. Polisi ni 190, gari la wagonjwa 192, zimamoto 193.

Umeme wa jiji ni volti 127 na soketi ni za matundu matatu ya duara, tofauti na zetu. Chaja ya simu itafanya kazi kwa adapta, lakini pasi au birika la volti 240 kutoka nyumbani litapata joto dogo la kuvunja moyo. Juni hadi Agosti chukueni sweta, kwani jiji liko mita 760 hivi juu ya usawa wa bahari. Desemba hadi Machi mvua za alasiri hufurisha barabara za kandokando ya mto, na siku hizo hata dereva mjuzi hafiki uwanjani kwa wakati.

Ndiyo maana siku ya kurudi, ikiwa ndege ni ya usiku, ondokeni hotelini saa nane mchana, kabla barabara hazijafunga. Ikiwa ni Ijumaa, saa saba. Na jengo mlithibitishe kwenye tiketi kabla ya kumtajia dereva, kwani kutoka jengo la kwanza hadi la tatu na masanduku si mwendo wa miguu.